Kinu, Mchi na Chuma: Miale ya Ioni na Swali Lililotoka Mwello

Katika kozi yetu ya Tafsiri ya Matini za Kisayansi huwa tunawaachia wanafunzi wa mwaka wa tatu uhuru wa kujichagulia matini, mradi isiwe imekwisha kutafsiriwa na mwingine. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Mwello, upande wa Tororo, alituletea makala fupi ya Kiingereza kuhusu namna wanasayansi wanavyotumia miale ya ioni ili kubashiri jinsi vyuma vya ndani ya kinu cha nyuklia vitakavyochakaa. Tuliisahihisha kazi yake, tukampa alama nzuri, tukaendelea na mengine. Wakati wa likizo alikwenda nayo nyumbani akamsomea shangazi yake, mama ambaye kwa miaka mingi amekuwa akivusha mahindi na maharagwe mpakani Busia, na ambaye Kiswahili cha sokoni anakimudu kuliko wengi wetu. Mwanafunzi alipofika kwenye sentensi isemayo kwamba watafiti "huigiza madhara ya mionzi kwa siku chache badala ya kungoja miaka sitini", shangazi alimkatiza.

"Mwanangu, kama ni maigizo, basi chuma hakikuumia. Na kama hakikuumia, wamejua nini?"

Kijana hakuwa na jibu. Aliporudi chuoni alituuliza swali lile lile, nasi tukagundua kwamba hatukuwa nalo, ingawa sentensi hiyo tulikuwa tumeiwekea alama ya vyema kwa wino mwekundu. Makala hii ni jaribio la kulijibu. Tumesoma tulichoweza kukisoma, tumewasumbua wenzetu wa fizikia, na tunawaandikia walimu na wanafunzi wa lugha. Wanafizikia watatuvumilia.

Ieleweke kwamba swali la shangazi si la kupitisha wakati. Mahali anapoishi pako kati ya mipango miwili ya vinu vya nyuklia. Upande wa Uganda, eneo lililochaguliwa ni Buyende, katika Busoga, kando ya Ziwa Kyoga. Mwaka 2023 serikali ilitangaza lengo la kupata megawati 1,000 za kwanza za umeme wa nyuklia ifikapo 2031. Upande wa Kenya, mpango wa awali ulielekezwa Uyombo, Kilifi, ambako mwaka 2024 wakazi waliandamana kuupinga. Mwaka 2025 mazungumzo yakahamia Siaya, kaunti inayopakana na Busia. Kabla kinu hakijajengwa, wananchi hukusanywa wakaelezwa. Katika ukanda wetu huu wa Kidholuo, Kisamia, Kiteso na Kidhopadhola, maelezo hayo kwa sehemu kubwa yatapitia Kiswahili, lugha ambayo baraza la mawaziri la Uganda nalo liliamua mwezi Julai 2022 kwamba ifundishwe kwa lazima shuleni. Wakalimani watakuwa ni wanafunzi wetu. Wakisema "huigiza", watu watasikia "huigiza".

Tuanze na neno kinu. Lilipopewa mtambo huu, pengine ilikusudiwa tu maana ya mashine kubwa, kama tusemavyo kinu cha kusaga. Lakini maana ya zamani zaidi, ile ya gogo lililochimbwa la kutwangia, inaeleza jambo ambalo maana ya mashine hailielezi. Mtu akitwanga simsim au karanga kila siku kwa miaka ishirini, anachokitazama ni kile kinachosagika. Asichokitazama ni kwamba mchi unakula na kinu chenyewe. Siku moja kinu hupata ufa chini, na mwenye kinu hushangaa, kumbe ufa ulianza kutengenezwa tangu pigo la kwanza. Katika kinu cha nyuklia mchi ni nyutroni.

Kiini cha atomi ya urani kinapopasuka hutoa nyutroni mbili au tatu. Nyutroni hizi huzaliwa na kasi kubwa sana; nishati yake kwa wastani ni kama elektroni-volti milioni 2. Baadhi yake huenda kupasua viini vingine vya urani, na ndiyo maana kazi haikomi. Nyingine hutoka nje ya fueli na kugonga chochote kilicho karibu: ala zinazofunika fueli, vyuma vinavyoishikilia, na hatimaye ukuta wa chombo kikuu cha pua ambamo vyote hivi vimo.

Atomi za chuma hukaa kwa mpangilio, safu kwa safu, kama wanafunzi kwenye gwaride la asubuhi. Ili kuing'oa atomi moja ya chuma mahali pake inatosha nishati ya takriban elektroni-volti 40. Nyutroni yenye milioni 2 ikiigonga sawasawa inaweza kuipa zaidi ya 100,000. Atomi iliyogongwa haiondoki peke yake: inawavamia jirani zake, nao wanawavamia wa kwao, mpaka mamia ya atomi yanakuwa yametoka kwenye safu. Vurugu hii humalizika ndani ya sehemu chache za trilioni za sekunde. Kisha, na hili ndilo lililotushangaza, nyingi kati ya atomi hizo hurudi kwenye nafasi za safu, ingawa si lazima kila moja irudi ilikotoka. Chuma hujitibu. Zinazobaki nje ni chache, lakini hao wachache ndio mkasa mzima wa makala hii.

Kila atomi iliyoshindwa kurudi huacha mambo mawili: pengo pale ilipokuwa, na yenyewe ikijibana mahali pasipo pake katikati ya wenzake. Ya pili hii tumeamua kuiita atomi mdukizi. Mdukizi katika Kiswahili ni mtu anayejipenyeza kwenye mazungumzo yasiyomhusu, na tunaona jina linafaa. Mapengo na wadukizi hawatulii. Chuma kikiwa cha moto hutembea ndani yake, na yanapokutana hufutana. Lakini mapengo yakikutana na mapengo hujikusanya na kuwa vitundu. Wadukizi wakikutana na wadukizi hujipanga kama pete. Pete na makundi mengine madogo huzuia safu za atomi zisiteleze, kwa hiyo chuma kinakuwa kigumu, na chuma kilichozidi ugumu huvunjika badala ya kupinda. Vitundu navyo hukifanya kivimbe. Anayeishi Tororo anajua malori ya saruji, na huenda anajua kwamba katika viwanda vya saruji vyuma vya kusagia huliwa mpaka vibadilishwe. Ulaji huo unaonekana na unapimika kwa mizani. Huu wa nyutroni hauonekani kwa macho, na chuma hakipotezi hata gramu moja ya kuonekana.

Habari hizi zilianza kujulikana zamani, na kwa bahati ya ajabu zinaanzia kwa watu wasemao Kiswahili. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika mradi wake wa bomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wachimbaji Wakongo. Mwaka 1942, vinu vya kwanza vilipokuwa vikibuniwa Chicago, mwanafizikia Eugene Wigner alionya kwamba nyutroni zitazihamisha atomi za grafiti, ile kaboni iliyotumika kupunguza kasi ya nyutroni, na kwamba grafiti itabadilika umbo. Vinu vya Hanford vilianza kazi mwaka 1944, na grafiti ikavimba kama alivyosema. Katika baridi ya vinu vya namna hiyo wadukizi wa grafiti hawakuweza kurudi kwenye nafasi zao, wakawa wamelimbikiza nishati. Mwezi Oktoba 1957, kule Windscale nchini Uingereza, mafundi walikuwa wakikipasha moto kinu chao ili nishati hiyo itoke taratibu. Kinu kikawaka moto.

Upande wa vyuma, mambo yalichelewa kugunduliwa. Ni mwaka 1967 ndipo watafiti wa Uingereza, C. Cawthorne na E. J. Fulton, walipochapisha picha za hadubini za chuma kisichoshika kutu kilichotoka kwenye kinu cha Dounreay, Uskoti. Chuma kilikuwa kimejaa vitundu vidogo mno. Baadaye vilipatikana vyuma vilivyovimba kwa zaidi ya asilimia 30 ya ujazo wake. Wahandisi waliokuwa wakichora vinu vipya kwa vipimo vya milimita walilazimika kuanza upya.

Hapo ndipo tatizo la muda lilipojitokeza, na hapo ndipo ioni zinapoingia.

Kipimo cha kipigo ambacho chuma kimepata ni wastani wa mara ambazo kila atomi imehamishwa kutoka mahali pake. Tukikiita uhamisho kwa atomi, basi uhamisho 1 maana yake ni kwamba, kwa wastani, kila atomi ya kipande hicho imeng'olewa mara moja. (Msomaji asome tena sentensi hiyo. Kila atomi. Na chuma bado kimesimama.) Ukuta wa chombo kikuu cha kinu cha kawaida haufikishi hata uhamisho 1 katika maisha yake yote, kwa kuwa uko mbali na fueli na maji yamekaa katikati. Vyuma vinavyoishikilia fueli ni habari nyingine: vilivyo karibu kabisa hupata uhamisho kama 1 kwa mwaka, hata zaidi. Kinu kikikusudiwa kudumu miaka 60 au 80, hesabu inakwenda kwenye makumi. Ala za fueli katika vinu vya nyutroni za kasi hufika 100 na kuzidi.

Sasa, mhandisi amebuni chuma kipya. Atajuaje kitakuwaje baada ya uhamisho 100? Njia ya wazi ni kukiweka ndani ya kinu cha majaribio na kungoja. Kungoja kwenyewe ni kwa miaka, hata kwenye vinu vyenye kipigo kikali. Kisha kipande kinachotoka huwa chenyewe kinatoa mionzi, hivyo hakiguswi kwa mkono. Hukatwa na kupimwa nyuma ya kuta nene kwa mikono ya mashine. Na vinu vya majaribio vinapungua. Osiris wa Ufaransa ulifungwa mwishoni mwa 2015, na ule wa Halden nchini Norwei mwaka 2018.

Njia ya pili ni kubadilisha mchi. Nyutroni haina chaji ya umeme, kwa hiyo haisukumiki. Unaipokea kutoka kwenye kinu kama ilivyo. Ioni ni atomi iliyonyang'anywa au kuongezwa elektroni, kwa hiyo ina chaji, na kitu chenye chaji kinavutwa na kusukumwa na umeme. Katika mtambo wa kuchapuza ioni, ambao hapa tutauita kichapuzi, atomi za chuma huchujwa elektroni zake, huvutwa na umeme wa mamilioni ya volti ndani ya bomba lisilo na hewa, na kuelekezwa kama mwale mwembamba kwenye kipande cha chuma chenye ukubwa wa ukucha. Kipande kimefungwa kwenye jiko dogo linalolinda joto lake. Ni chuma kinachopigwa kwa chuma. Ioni ni nzito, ina chaji, na inagonga atomi nyingi ndani ya safari fupi, kwa hiyo kila moja inafanya kazi ya nyutroni nyingi.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwale unaoleta uhamisho 1 kila sekunde 1,000 unaleta uhamisho 100 kwa sekunde 100,000, yaani kama saa 28. Mwaka una sekunde zaidi ya milioni 31. Kwa hiyo mtambo huo unapiga kama mara 30,000 kwa kasi kuliko vyuma vile vinavyopata uhamisho 1 kwa mwaka. Mtafiti huanza Jumatatu asubuhi, na kabla ya Jumatano chuma chake kina kipigo cha karne. Isitoshe, ioni nzito za nishati hii hazikifanyi kipande kuwa chenye kutoa mionzi. Hukitoa, akakitia bahashani, akaenda nacho kwenye hadubini.

Shangazi angesema, na sisi tulisema: mbona rahisi hivyo? Hapo wenzetu wa fizikia walicheka, wakaanza kutuhesabia bei yake.

Kwanza, kina. Nyutroni hupenya chuma kwa sentimita kadhaa, hivyo kipigo chake kimeenea ukuta mzima. Ioni ya chuma yenye elektroni-volti milioni 5 husimama kabla ya kufika mikromita 2, na mikromita ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Unywele wa mtu una upana wa takriban mikromita 70. Ukitumia protoni, ambazo ni nyepesi, za elektroni-volti milioni 2, utafika kama mikromita 20, lakini kasi ya kipigo inapungua. Kwa hiyo kilichozeeka ni ngozi tu ya kipande. Huwezi kukivuta hadi kikatike uone nguvu yake, kama wafanyavyo wahandisi, kwa sababu utakuwa unavuta chuma kizima kilichobaki kichanga chini ya ngozi kongwe. Inabidi uchonge kijisehemu chembamba ukitazame kwa hadubini ya elektroni, au ukibonyeze kwa ncha ndogo ya almasi upime ugumu wa ile ngozi peke yake.

Hata ndani ya ngozi hiyo si kila mahali panaaminika. Juu kabisa, uso wa chuma huwameza wadukizi na mapengo kabla hawajafanya lolote. Chini kabisa, pale ioni zinaposimama, zenyewe hubaki humo kama wadukizi wa ziada ambao kinu hakingewaleta, na hujaza vitundu vinavyotafutwa. Mtafiti mwangalifu husoma katikati tu. Wengine wamegundua kwamba kaboni kidogo iliyobaki ndani ya bomba hunata kwenye kipande, ikaingia humo na kubadilisha majibu. Tulifurahi kusikia haya, maana tulidhani ni wanafunzi wetu pekee wanaoharibiwa kazi na uchafu wa karatasi.

Pili, heliamu. Ndani ya kinu, nyutroni huzifanya baadhi ya atomi, hasa za nikeli, kuzaa heliamu. Gesi hii hujikusanya katika mapengo na kuyasaidia yawe vitundu. Mwale wa ioni za chuma hauzai heliamu. Basi baadhi ya maabara hupiga kipande kwa miale miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa chuma na mwingine wa heliamu, au hata mitatu, wa tatu ukiwa wa haidrojeni. Maabara ya JANNuS huko Saclay, karibu na Paris, ina vichapuzi vitatu vinavyoelekea chumba kimoja kwa kazi hiyo.

Tatu ni kasi yenyewe, na hili tunaomba walimu wa tafsiri walitulie. Tulisema mapengo na wadukizi hutembea. Kutembea kwao kunategemea joto na muda, hakutegemei wingi wa mapigo. Kinu kinapopiga polepole, kila pigo linapata nafasi: wadukizi wanazunguka, wengine wanafutwa, atomi za madini mengine yaliyochanganywa katika chuma zinahama taratibu na kukusanyika. Kichapuzi kikipiga mara 30,000 kwa kasi, pigo la pili linafika kabla la kwanza halijatulia. Mapigo yameharakishwa; muda haukuharakishwa. Anayetaka kujua kinu chake cha mti kitakuwaje baada ya miaka ishirini anaweza kukitwanga mfululizo usiku na mchana, lakini hatapata ile mvua, lile jua na wale wadudu waliokipitia kati ya siku na siku.

Dawa inayotumika ni joto. Kipande cha kichapuzini hupashwa zaidi ya kile cha kinuni, ili wadukizi na mapengo watembee haraka zaidi na kuikaribia kasi ya mapigo. Kiasi cha kuongeza hukadiriwa kwa hesabu zilizojengwa tangu miaka ya 1970. Ni makadirio mazuri. Lakini joto likirekebishwa ili kusawazisha jambo moja, tuseme vitundu, si lazima jambo jingine, kama kuhama kwa madini, nalo lisawazike.

Je, imewahi kuthibitishwa kwamba majibu ya ioni yanafanana na ya kinu? Mfano tulioupenda ni wa Chuo Kikuu cha Michigan. Gary Was na wenzake walichukua chuma kiitwacho HT9 ambacho kilikuwa kimekaa ndani ya kinu cha utafiti cha FFTF, kule Hanford, mpaka kikapata uhamisho 155 katika joto la nyuzi 443. Wakachukua chuma kingine kutoka chungu kile kile cha kuyeyushia, ambacho hakijawahi kuona kinu, wakakitia heliamu kidogo, kisha wakakipiga kwa ioni za chuma. Walichokipata walikichapisha mwaka 2014: vitundu, pete na chembe za madini katika vipande hivyo viwili zilikaribiana sana. Tazama, hata hivyo, walivyofika huko. Hawakuweka namba zile zile. Kipande cha ioni kilipigwa hadi uhamisho 188, kwa nyuzi 460. Ilibidi kipigo kizidishwe, joto lizidishwe na heliamu ipandikizwe ili viwili hivi vikutane. Na walijua wamekutana kwa sababu kipande cha kinuni kilikuwapo mezani cha kulinganishia. Kwa chuma kipya kabisa, ambacho hakuna kinu kilichokwisha kukizeesha, kipande hicho cha kulinganishia hakipo.

Turudi kwenye wino wetu mwekundu. Kiswahili kina kuiga na kuigiza, na katika mazungumzo watu huyachanganya. Anayeigiza kufa jukwaani huinuka pazia likifungwa akaenda kula. Mtoto anayemuiga mama yake kutwanga, kwa kimchi chake kidogo, anatwanga kweli; unga wake ni kidogo na haukulainika, lakini ni unga. Miale ya ioni haiigizi. Atomi zimehama kweli na vitundu ni vitundu. Shangazi alikuwa sahihi kuhusu neno letu, nasi tulikuwa tumekosea kuhusu chuma. Kinachofanyika ni uigaji. Tumegundua pia kwamba wale wa Michigan, katika kichwa cha makala yao, waliliacha neno la kawaida la Kiingereza la kufananisha wakachagua jingine lenye maana ya kuiga mpaka ulingane na unayemuiga. Kiswahili hakina neno moja la hilo, na hatuoni haja ya kulibuni. Tunaweza kusema "kuiga hadi kulingana", halafu tueleze kumelingana katika nini.

Kosa la pili katika sentensi yetu lilikuwa "badala ya kungoja miaka sitini". Hakuna mwenye busara katika fani hii anayeacha kungoja. Ioni hutumika kuchuja: kati ya vyuma ishirini vinavyopendekezwa, vipi vitatu vinastahili kupelekwa kinuni? Hutumika pia kuelewa: je, ni joto, ni heliamu, au ni mchanganyiko wa madini uliosababisha uvimbe? Barani Afrika kazi ya namna hii imefanyika Afrika Kusini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria wamepandikiza ioni za fedha na elementi nyingine katika kabidi ya silikoni, gamba linalofunika chembe za fueli, ili kuona kama mazao ya mpasuko yanaweza kupenya gamba lililopigwa mionzi. Mradi wa kinu uliohitaji fueli hiyo ulisitishwa mwaka 2010, lakini maswali ya gamba yameendelea kuchunguzwa.

Hukumu ya mwisho kuhusu kinu kilichokwisha kujengwa haitoki kwenye kichapuzi. Katika vinu vingi vya umeme, vipande vya chuma kile kile cha ukuta hufungwa ndani ya vidonge na kuning'inizwa karibu zaidi na fueli kuliko ukuta ulivyo. Hivyo hupokea nyutroni kwa wingi zaidi, na huzeeka kabla ya ukuta. Kila baada ya miaka kadhaa kidonge kimoja hutolewa, vipande huvunjwa kwa nyundo ya kupimia, na wahandisi huona ukuta utakuwaje miaka ijayo. Ni nyutroni zenyewe, chuma chenyewe, na kwa sehemu kubwa muda wenyewe. Ukuta wa chombo kikuu ndio hasa unaopimwa hivi, kwa kuwa haubadilishwi kama vyuma vingine. Koeberg, karibu na Cape Town, ilianza kazi mwaka 1984. Mwezi Julai 2024 sehemu yake ya kwanza iliruhusiwa kuendelea hadi 2044, na hali ya vyuma vilivyozeeka ni miongoni mwa mambo yanayochunguzwa kabla ya ruhusa kama hiyo kutolewa. Kwa mtu wa Mwello, Siaya au Buyende, tunadhani vidonge hivi vina maana kuliko miale yote ya ioni, na mkalimani asivisahau.

Mwanafunzi wetu aliandika sentensi yake upya: "Watafiti hukipiga chuma kwa miale ya ioni kwa siku chache, kikaumia kwa namna inayoiga kuumia kwa miaka mingi kinuni, ingawa ni juu juu na kwa haraka, kisha majibu hayo hulinganishwa na ya vipande vilivyokaa ndani ya kinu." Ni ndefu, na mhariri wa gazeti angeikata. Tumempa alama zake. Alituambia kwamba alimpigia simu shangazi akamsomea, na akamweleza habari ya vidonge. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Haya, na hicho kidonge kikitolewa, majibu yake yatasomwa kwa nani?"

Hilo linawahusu wanasheria wa pande zote mbili za mpaka, na tumewaomba wenzetu wa sheria watuandikie. Wakati huohuo, mwenye istilahi bora kuliko mdukizi, kichapuzi na uhamisho kwa atomi atuletee ofisini kabla ya toleo lijalo kwenda mitamboni.